Mpiga hesabu za kodi ana bosi wangapi?

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa jioni mbele ya vijana wa mjini. Tunaichapa kama ilivyosemwa.

Ndugu Mwenyekiti, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni.

Nimeambiwa nizungumzie kodi. Najua neno hilo linaleta usingizi kuliko ugali wa mchana. (Kicheko) Lakini hakuna hata mmoja humu ambaye hajalipa kodi leo. Umekunywa soda, umelipa. Umenunua vocha, umelipa. Mnakumbuka tozo za miamala ya simu mwaka 2021? Zilianza Julai, watu wakapiga kelele, Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30. Tukashangilia. Lakini vijiwe vyote nilivyopita sikusikia kijana mmoja akiuliza: ile namba ya kwanza aliipiga nani? Na mkubwa wake aliikagua, au alipiga muhuri tu akaenda kunywa chai?

Hilo ndilo swali langu leo. Ili tulione vizuri nitawapeleka mbali, Marekani, katika jimbo linaloitwa Kansas. Ni nchi ya ngano na ng'ombe, katikati kabisa ya ramani. Nimelichagua kwa sababu kule ugomvi kati ya mwanasiasa na wapiga hesabu ulitokea hadharani, na makaratasi yapo.

Marekani kila jimbo lina gavana wake, Bunge lake na kodi zake. Mswada wa kodi ukiletwa, lazima mtu akae chini aseme: huu ukipita, hazina itapata kiasi gani au itapoteza kiasi gani. Mtu huyo ni mchambuzi wa sera za kodi. Juu yake yupo msimamizi, na huyo ndiye ninayetaka mmfahamu. Mchambuzi anamletea namba. Msimamizi mzuri haulizi kama namba inapendeza. Anauliza: umetumia marejesho ya kodi ya mwaka gani? Umedhani watu wangapi watabadilisha mwenendo wao sheria ikibadilika? Hayo uliyodhani umeyaandika, au yamo kichwani mwako? Asiporidhika anairudisha. Akiridhika anaweka jina lake, na simu ikilia kutoka juu anapokea yeye, siyo yule kijana.

Sasa simu inalia kutoka juu kwa nani? Hapo ndipo penye utamu.

Kansas wapo mabosi wa aina tatu. Idara ya Mapato, mkuu wake anateuliwa na Gavana. Ofisi ya Bajeti, mkuu wake naye anateuliwa na Gavana. Halafu ipo Idara ya Utafiti ya Bunge, ambayo iko chini ya Bunge na inahudumia vyama vyote. Watu wa ofisi hizo tatu, pamoja na wachumi watatu kutoka vyuo vikuu vya jimbo hilo, hukutana mara mbili kwa mwaka kukisia mapato. Hawamalizi kwa kura. Wanabishana mpaka wakubaliane namba moja, na namba hiyo ndiyo Gavana na Bunge wanaitumia kupanga bajeti. Utaratibu huo ulianza miaka ya 1970. Maana yake ni kwamba mtu wa Gavana hawezi kupika namba peke yake, kwa sababu mezani kuna wengine ambao mshahara wao hautoki mfukoni kwake. (Makofi)

Lakini kukisia mapato ya sheria iliyopo ni jambo moja. Kuambiwa ukweli kuhusu sheria mpya ambayo mkubwa ameipenda ni jambo jingine.

Mwaka 2012 Gavana Sam Brownback wa chama cha Republican alitaka kupunguza kodi kwa kishindo. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilitoka asilimia 6.45 hadi 4.9. Zaidi ya hapo, wenye biashara ambazo faida yake huhesabiwa kama pato la mwenyewe wakasamehewa kabisa kodi ya jimbo juu ya faida hiyo. Kabisa! Mfanyakazi wa duka analipa, mwenye duka halipi. Mtaalamu mashuhuri wa uchumi, Arthur Laffer, aliletwa kushauri kwa malipo ya dola 75,000. Gavana akaandika kwamba punguzo hilo litakuwa kama sindano ya nguvu kwenye moyo wa uchumi.

Upande wa Gavana ukatoa hesabu zake. Ajira mpya 22,900. Watu wa kuongezeka jimboni 35,740. Sikilizeni vizuri, siyo 35,000, siyo 36,000. Ni 35,740! (Kicheko) Mimi mtu akiniambia atafika saa kumi na dakika saba na nusu, na basi lenyewe halijatengenezwa, naanza kushika mfuko wangu.

Wachambuzi wa Bunge nao walipiga hesabu. Wakasema kwa lugha kavu ya kiofisi: sheria hii ikipita, ifikapo katikati ya mwaka 2018 pengo lililolimbikizana litakaribia dola bilioni 2.5. Mtu wa ofisini huwa hana sindano wala moyo wa uchumi, ana jedwali tu. Jedwali lile liliwekwa mbele ya wabunge kabla Gavana hajasaini mwezi Mei 2012. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakuambiwa.

Mswada ulipita. Baadhi ya maseneta waliukubali wakiamini utarudi kwenye mazungumzo upunguzwe makali. Baraza la chini likauchukua ulivyo, likaupitisha. Changa la macho!

Bili ikaja. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2014, makusanyo ya kodi yalianguka kwa takriban dola milioni 700 kulinganisha na mwaka uliotangulia. Mwaka huo huo kampuni za Moody's na Standard & Poor's zikaishusha daraja Kansas katika uaminifu wa kulipa madeni. Fedha za barabara zikahamishwa kuziba matundu, mpaka watu wakaanza kuiita idara ya barabara benki. Mwaka 2015 kodi ya mauzo ikapandishwa kutoka asilimia 6.15 hadi 6.5, chakula kikiwemo. Mmeelewa hesabu hiyo? Mwenye kampuni kasamehewa, mlalahoi wa Kansas kaongezewa kwenye mkate na maziwa.

Na sasa tazameni tabia ya wakubwa, maana inafanana dunia nzima. Makisio yalipokosewa mwezi baada ya mwezi, lawama zikaenda kwa waliokisia. Mwaka 2016 Gavana aliunda kikundi cha kuchunguza namna makisio yanavyofanywa. Mwaka huo huo taarifa ya robo mwaka kuhusu uchumi, iliyokuwa ikitolewa na baraza la washauri aliloliunda mwenyewe, ikaacha kutolewa. Kipimajoto kikionyesha homa, wengine humeza dawa. Wengine hukificha kabatini.

Sitawadanganya kwamba wachambuzi hawakosei. Walikosea, na makisio yao ya miaka hiyo mara nyingi yalikuwa juu mno kuliko fedha zilizoingia. Msimamizi mwenye akili analijua hilo, ndiyo maana anadai mambo yaliyodhaniwa yaandikwe, ili mwakani mtu mwingine afungue karatasi aone kosa liko mstari gani. Kosa lililoandikwa linarekebishika. Namba iliyotoka kichwani kwa mkubwa utairekebishia wapi?

Ndugu zangu, ofisi ile ya wachambuzi wa Bunge haikufutwa. Gavana hakuwa na uwezo wa kumng'oa mkuu wake, kwa kuwa si yeye aliyemweka. Iliendelea kutoa majedwali yake makavu, kikao baada ya kikao. Juni 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kurudisha sehemu kubwa ya kodi zile na kufuta ule msamaha wa wenye biashara, mapato ya zaidi ya dola bilioni moja katika miaka miwili. Gavana akaikataa. Wabunge wakaipitisha juu ya kichwa chake, kura 88 kwa 31 katika baraza la chini na 27 kwa 13 katika Seneti. Na mabaraza yote mawili yalishikwa na chama chake mwenyewe! (Makofi)

Kwa hiyo mgombea akija hapa mtaani kuahidi kupunguza kodi au kuleta tozo mpya, usimuulize tu ni shilingi ngapi. Muulize nani kapiga hesabu, bosi wake ni nani, na bosi huyo anaweza kufukuzwa na nani. Akianza kujikuna shingo, umeshapata jibu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Yule kijana mwenye kofia nyekundu aliinua mkono tangu nilipotaja soda, naomba aanze yeye.