Akiba ya Matibabu na Hesabu ya Kodi

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Machakos



Tumezoea katika mkutano huu kuzungumza habari za maziko, karo za shule na michango ya wagonjwa. Leo Halmashauri imetutaka tuseme juu ya kodi ya Marekani. Msicheke. Fedha nyingi zilizolipa hospitali za wazee wetu zimetoka kwa watoto wetu walio huko, na baadhi ya fedha hizo zimewaletea watoto hao gharama wasiyoitazamia, nasi tulikuwa na mkono katika jambo hilo.

Habari yenyewe ndiyo hii. Mmoja wa akina mama zetu alianguka akavunjika nyonga, akalazwa na kupasuliwa. Mwanawe yuko Texas. Waliompigia simu usiku ule tulikuwa sisi wenyewe, wajumbe wa Halmashauri. Tukamweleza kwamba sanduku la chama halitoshi. Akatujibu kwa adabu kwamba fedha alizokuwa nazo tayari ni dola 3,000, nazo zimo katika akiba yake ya matibabu. Tukafurahi, tukamwambia, "Mwanetu, si ndiyo kazi yake? Matibabu ni matibabu." Fedha zikaja, mama akapona, na leo ameketi pamoja nasi hapa. Lakini mwaka uliofuata, kabla ya tarehe 15 Aprili, kijana alipoketi kujaza hesabu yake ya kodi, aliona kwamba neno letu lile halikuwa sawa.

Akiba hiyo, ambayo watoto wetu huiita HSA kwa kifupi, ilitokana na sheria ya mwaka 2003, nayo ikaanza kutumika mwaka 2004. Mtu mwenye bima ya namna fulani, imtakayo alipe sehemu kubwa ya kwanza ya gharama kwa mfuko wake mwenyewe, huruhusiwa kuweka humo fedha zisizokatwa kodi ya mapato ya Serikali Kuu ya huko. Zikizaa faida, haitozwi. Zikitolewa kwa matibabu yanayokubaliwa, hazitozwi vilevile. Hiyo ni neema kubwa, na hakuna Serikali itoayo neema kama hiyo bila kuifungia masharti.

Sharti la kwanza ni kuandika. Mtu akitoa fedha katika akiba hiyo, baada ya mwaka kwisha wale wanaozitunza humpelekea karatasi namba 1099-SA yenye jumla ya fedha zilizotoka, na watoza kodi nao hupelekewa habari hiyo hiyo. Ndipo impasapo kujaza fomu namba 8889 na kuiambatisha na hesabu yake ya mwaka, hata kama kila senti ilikwenda kwa daktari. Vijana wengi hudhani kwamba kwa kuwa fedha zimetumika vema hapana la kuandika. Sivyo. Ile karatasi husema ni kiasi gani kilichotoka. Haisemi kilimtibu nani. Hilo ni juu ya mwenye akiba na stakabadhi zake.

Sharti la pili ndilo lililotukamata. Fedha hizo ni za kumtibu mwenye akiba, mumewe au mkewe, na wanaomtegemea kwa maana ya sheria ya kodi. Kwetu Ukambani mama ndiye mtegemezi wa kwanza, wala hakuna mzee hapa atakayebishana nasi. Lakini sheria ile yataka mzazi anayetegemea awe raia wa Marekani, ama mkaazi wa nchi hiyo, au wa Canada, au wa Mexico. Mama mwenye uraia wa Kenya, aishiye Machakos, hayumo, hata kama mwanawe ndiye anayemlisha siku zote. Basi fedha zilizomtibu huhesabiwa kuwa pato la kijana, hutozwa kodi ya kawaida, na ikiwa hajafika umri wa miaka 65 wala si mlemavu, huongezwa asilimia 20 juu yake.

Tazameni hesabu. Kijana yumo katika daraja la asilimia 22. Katika dola 3,000, kodi ni dola 660, na nyongeza ni dola 600. Jumla ni dola 1,260. Usiku ule tulidhani twaomba dola 3,000, kumbe tulikuwa tukiomba 4,260.

Kilichompunguzia mzigo ni bahasha. Alikuwa ametunza stakabadhi za daktari wa meno na za miwani yake, zilizopata dola 900, ambazo alizilipa kwa mshahara wake baada ya kufungua akiba na hakuwa amejirudishia popote. Sheria humruhusu kujirudishia fedha kama hizo hata miaka ikipita. Kwa hiyo dola 900 zikahesabiwa kuwa za matibabu yake mwenyewe, zikabaki 2,100 za kutozwa, na deni likashuka hadi dola 882. Babu zetu waliotozwa kodi ya nyumba tangu mwaka 1901 walijua thamani ya kipande cha karatasi chenye muhuri. Sisi wenye simu za mkononi tumesahau.

Kijana mwenyewe akija likizo akapatwa na malaria, aweza kulipa hospitali ya hapa kwa akiba hiyo bila kutozwa. Na adai stakabadhi yenye jina lake, tarehe na kiasi kilicholipwa.

Sasa tuseme machache juu ya kodi ya hapa kwetu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko wa SHIF umechukua mahali pa NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 makato hayo hupunguzwa katika mapato kabla ya kodi kuhesabiwa: mwenye shilingi 60,000 kwa mwezi hukatwa 1,650, na kodi yake hupungua kwa shilingi 495. Itazameni karatasi ya P9 kama jambo hilo limeonyeshwa. Anayeweka katika mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu huondolewa hadi shilingi 15,000 kwa mwezi kwa namna hiyo hiyo. Na anayetoa pensheni yake katika mfuko ulioandikishwa kabla ya wakati kwa sababu ya maradhi hatozwi kodi. Basi barua ya daktari itangulie, isifuate nyuma.

Mchango wa chama chetu si bima, wala usiandikwe katika fomu kana kwamba ni bima. Mwisho wa kupeleka hesabu ni tarehe 30 Juni, na anayechelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, iliyo kubwa kati ya hizo.

Halmashauri imekwisha kuagiza kwamba tangu sasa katibu, kabla ya kupokea msaada wowote kutoka Marekani, amwulize mtoto fedha hizo zatoka mfuko gani. Zikiwa za akiba ya matibabu, aombwe atume za mshahara kidogo kidogo, na chama kizungumze na hospitali kuhusu muda.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuweza kulikata wenyewe. Mama yule aliposikia habari ya deni, aliuza maembe yake akamletea mweka hazina fedha, akitaka zitumwe Texas. Kijana amekataa kuzipokea. Zimo sandukuni katika bahasha yenye jina la mama, na yeye amekataa kuzichukua. Twauomba mkutano huu utoe shauri.