Ukiwa na mashaka juu ya mwamuzi, sema mapema

Leo tuzungumze juu ya mwamuzi.

Tuseme ulikimbia Shabunda pamoja na watoto. Umekaa miaka miwili kwa watu. Unarudi, unakuta mtu mwingine analima shamba la baba yako. Unakwenda kushitaki. Siku ya kesi unainua macho, unaona mwamuzi ni shemeji ya mtu yule. Utafanya nini?

Kuna wanaonyamaza. Wanashindwa, halafu wanaenda wakisema kila mahali kwamba korti imenunuliwa. Kuna wengine wanaoiacha kesi na kwenda kutafuta vijana wenye bunduki. Mwisho wa njia hiyo mnaujua: tumezika watu, nyumba zimechomwa, na shamba limebaki msitu.

Lakini iko njia ya tatu, nayo ni haki yako. Wazee walikwisha kusema kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Sheria ya nchi yetu inasema vilevile. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya kazi za korti inakupa ruhusa ya kumkataa mwamuzi, na inataja sababu zenyewe. Ikiwa yeye au mwenzake wa ndoa ana faida yake katika kesi ile. Ikiwa ni ndugu au mkwe wa mmoja wa wenye kesi, au wa avoka wake. Ikiwa ni rafiki ya mmoja wao, au kuna uadui kati yao. Ikiwa mmoja wao ni mtumishi wa mwingine. Ikiwa alikwisha kutoa maoni yake juu ya kesi ile, au aliishughulikia zamani kama shahidi, mtafsiri, avoka au polisi wa upelelezi.

Juu ya undugu, sikilizeni vizuri. Kwetu kila mtu ni ndugu. Sheria inahesabu mpaka daraja la tatu tu. Kaka na dada ni daraja la pili. Mjomba, shangazi na mtoto wa ndugu yako ni daraja la tatu. Mtoto wa baba mdogo ni daraja la nne, yeye amekwisha kutoka katika hesabu. Ukitaka kumkataa huyo, itakupasa kuonyesha sababu nyingine, kama urafiki wao.

Na je, kabila? Kabila halimo katika orodha ile. Usiende kusema, «Simtaki huyu, si mtu wetu.» Mwamuzi wa kabila lingine asiye na lolote katika kesi anaweza kukuhukumu vizuri. Na mwamuzi wa kabila lako mwenyewe, akiwa rafiki yako wa kula pamoja, mpinzani wako ana haki ya kumkataa.

Unafanya namna gani? Usipige kelele ndani ya korti. Usimtukane mtu. Nenda kwa grefye, ndiye karani wa korti, katika korti ile ile ya mwamuzi huyo. Eleza sababu yako, naye aiandike. Uende mara tu unapojua sababu hiyo, wala usivuke siku ya kufunga mabishano. Ukingoja usikie hukumu kwanza, umechelewa. Kama hujui kusoma, omba usomewe maandishi yale kabla ya kuweka kidole. Tena uwe na ushuhuda: watu waliohudhuria ndoa ile, au karatasi yenye jina lake. Uvumi wa sokoni hautoshi. Mwamuzi unayemkataa hatakaa pamoja na wale watakaoamua juu ya ombi lako.

Kuomba hivyo si kumtukana mwamuzi. Mnamkumbuka Bosco Ntaganda, aliyeshitakiwa huko La Haye kwa mabaya yaliyotendeka Ituri mwaka 2002 na 2003. Mwaka 2019, watu wakingoja hukumu, mmoja wa waamuzi wake watatu, mama Kuniko Ozaki, alipewa kazi ya ubalozi wa Japani katika Estonia. Aliiacha baada ya muda mfupi. Lakini mawakili wa Ntaganda waliomba aondolewe. Walisema aliyekubali kazi ya serikali yake huku angali mwamuzi haonekani tena kuwa huru. Waamuzi wenzake walikutana, wakalipima ombi, wakalikataa mwezi wa Juni. Mwezi wa Julai Ntaganda akahukumiwa kuwa na hatia, na Novemba akapewa miaka 30 ya kifungo. Ombi lilisikilizwa, likajibiwa, na kesi ikaendelea. Ikiwa yeye aliruhusiwa kuuliza, mama mjane wa Shabunda naye aruhusiwe.

Sasa ninyi mashefu na wazee mnaopatanisha watu barazani. Sheria inamwagiza mwamuzi wa korti mwenye sababu kama hizo ajiondoe mwenyewe, asingoje kukataliwa. Baraza si korti, lakini watu wanatazama vilevile. Kama shamba linalogombaniwa ulilitoa wewe, kama mwenye shimo la dhahabu ni mkwe wako, simama useme mbele ya wote: «Kesi hii inanigusa, mwingine akae mahali pangu.» Hutapungukiwa na heshima hata kidogo. Siku nyingine watakuletea kesi zao bila woga.

Na wewe uliyerudi na kukuta shamba lako mikononi mwa mwingine, usinyamaze, wala usishike panga. Nenda kwa grefye, tena nenda mapema.