Kuvumwani Mbili Zilizofunga Vidonda vya Askari

Mwaka 1914, vita kuu vilipoanza katika Ulaya, pamba iliadimika katika hospitali za Uingereza, kwa kuwa ilitakiwa pia kwa nguo za askari na kwa kutengenezea baruti. Damu ya majeruhi haikungoja meli. Hapo Bwana Charles Cathcart, daktari mpasuaji wa Edinburgh, na Bwana Isaac Bayley Balfour, mjuzi wa mimea, waliwakumbusha watu dawa ya kale: kuvumwani ya mabwawani.

Kuvumwani hiyo, iitwayo sfagnamu, ina namna nyingi, wala si zote zifaazo. Mabwana hao walichagua mbili, Sphagnum papillosum na Sphagnum palustre. Ni ndugu wa karibu mno. Zote mbili ni nene, na majani yao yamejikunja mfano wa mashua ndogo. Asiyezoea huziona kitu kimoja.

Aliyezoea huanza kwa rangi. Papillosum ni ya manjano iliyoingia hudhurungi, na vitawi vyake ni vifupi na butu. Palustre ni ya kijani kilichopauka, na vitawi vyake ni virefu, vyenye kuchongoka. Lakini rangi hudanganya, hasa kivulini. Basi ni afadhali kutazama mahali. Ya kwanza hupenda bwawa la wazi lenye maji yasiyo na rutuba. Ya pili huota hata katika misitu ya majimaji. Shaka ikibaki, hapana budi kutumia darubini ya kukuzia vitu vidogo: kuta za ndani za chembe za papillosum zina vichunusi vidogo sana, na za palustre kwa kawaida ni laini.

Faida yao ni moja. Jani limejaa chembe kubwa zilizokufa, tupu, zenye matundu, na maji huingia humo kama mtungini. Kuvumwani kavu huweza kunywa maji hata mara 20 ya uzani wake. Pamba hunywa mara 5 au 6 tu. Tena ina uchachu unaozuia vijidudu kuzaana.

Kazi iliyochosha ilikuwa kuichambua. Wanawake na watoto waliiokota mabwawani, wakaondoa kwa mkono kila kijiti na kila jani geni, wakaianika, wakaishona katika vifuko vya kitambaa chepesi. Kufikia mwaka 1918 vifuko hivyo vilikaribia milioni moja kila mwezi.