Data Hii Imetoka kwa Nani? Uchambuzi Tuli na Mianya ya Kiusalama katika Programu za C



Mada niliyopewa ni kusaka mianya ya kiusalama katika programu za C bila kuziendesha. Kazi hiyo huitwa uchambuzi tuli: chombo kinasoma msimbo kama ulivyoandikwa, kinafuata njia ambazo programu inaweza kuzipita, kisha kinatoa orodha ya maonyo. Vyombo vyenyewe ni vingi, vingine ni vya bure, na yeyote kati yetu anaweza kuvisakinisha kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo sitawachosha kwa kuvitaja kimoja kimoja. Nataka tushughulike na jambo moja ambalo chombo hakiwezi kulijua mpaka kiambiwe: ni data ipi imetoka kwa mtu tusiyemwamini, na imeruhusiwa kufika wapi.

Uchambuzi wa msimbo wa C una umri unaokaribiana na wa lugha yenyewe. Mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Labs aliandika lint, programu iliyolalamikia mambo ambayo kompaila za siku zile ziliyafumbia macho, kama vile aina za data zisizolingana au vigeu vilivyosomwa kabla ya kupewa thamani. Shabaha yake haikuwa wadukuzi. Shabaha hiyo ilikuja kwa nguvu baada ya Novemba 2, 1988, siku mnyoo wa Robert Morris ulipoachiwa mtandaoni. Mojawapo ya njia zake ilikuwa huduma ya fingerd, iliyosoma maombi kwa kutumia gets na kuyaweka kwenye bafa ya baiti 512. Sasa gets haiulizi bafa ina nafasi kiasi gani; inasoma tu mpaka mstari uishe. Aliyetuma mstari mrefu kuliko bafa aliandika juu ya kumbukumbu isiyo yake, na kutoka hapo akaishika mashine. Pamoja na aibu hiyo yote, gets haikuondolewa katika kiwango rasmi cha C hadi mwaka 2011.

Vyombo vya mwanzo vya usalama vilizaliwa na fikra hiyo hiyo ya majina mabaya. Flawfinder ya David Wheeler, iliyotoka mwaka 2001, inapekua faili na kuokota majina ya fankisheni zenye historia mbaya: gets, strcpy, sprintf na wenzao, kila moja na kiwango chake cha hatari. Ni kazi nzuri, na bado naipendekeza kwa mtu anayekabidhiwa msimbo wa zamani asioujua, maana ndani ya dakika moja anapata ramani ya sehemu za kuanzia. Ila inachoripoti ni jina. Neno strcpy linalonakili maandishi yaliyoandikwa na mwandishi mwenyewe ndani ya programu, na strcpy inayonakili kitu kilichofika sasa hivi kutoka mtandaoni, kwake ni mamoja.

Ubaya wa kufukuza majina unaonekana pale mwandishi anapoanza kulitibu onyo badala ya kosa. Chombo kimemkemea kwa strcpy, naye anabadilisha kuwa strncpy(jina, ombi, strlen(ombi)). Onyo la kwanza limeondoka. Tazameni lakini alichokifanya: kikomo cha kunakili kimepimwa kwa urefu wa ombi, si kwa ukubwa wa bafa. Anayetuma ombi ndiye anayeamua baiti ngapi zinakiliwe. Hata akiandika sizeof jina mahali pa strlen(ombi), ombi likiwa refu kuliko bafa, strncpy haiweki sifuri ya kufungia maandishi, na fankisheni itakayosoma jina baadaye itaendelea kusoma mpaka ikutane na sifuri mahali pengine. Kompaila ya GCC, tangu toleo la 8, imejifunza kuonya juu ya mitindo yote miwili. Wako wengi wanaozima maonyo hayo kwa kuamini kwamba ile herufi n imeshamaliza kazi.

Kosa la kupima kwa kipimo cha aliyetuma ndilo lililoitikisa dunia mwaka 2014 kwa jina la Heartbleed. Naomba tukae nalo kidogo, maana limebeba karibu kila kitu ninachotaka kusema.

OpenSSL ni maktaba ya C inayotumiwa na seva nyingi kulinda mawasiliano. Desemba 31, 2011 iliingizwa ndani yake sehemu mpya ya kuhakikisha kwamba muunganisho bado uko hai, na Machi 2012 ikatoka na toleo la 1.0.1. Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Upande mmoja unatuma ujumbe mfupi na kutaja urefu wake. Upande wa pili unarudisha ujumbe ule ule. Katika msimbo, seva inasoma baiti mbili zinazotaja urefu kwa makro iitwayo n2s na kuweka jibu katika kigeu payload. Mistari michache chini yake kuna memcpy(bp, pl, payload): nakili kutoka kwenye ujumbe uliofika, kwa kiasi cha payload, ukaweke kwenye jibu. Hakuna mahali palipouliza kama ujumbe uliofika una urefu huo kweli.

Baiti mbili zinaweza kutaja namba hadi 65,535. Mtu anatuma ujumbe wa baiti moja, anadai ni wa baiti elfu sitini na ushei, na seva kwa uaminifu inamrudishia baiti yake pamoja na chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu: nywila za wengine, vidakuzi vya kuingilia, hata ufunguo wa siri wa seva. Anaweza kurudia atakavyo, na kwa kawaida kumbukumbu za matukio (log) za seva hazikuonyesha kitu. Mwanya ulitangazwa Aprili 7, 2014, baada ya kuonwa na Neel Mehta wa Google na, kivyao, na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland. Siku chache baadaye mamlaka ya kodi ya Kanada ilieleza kwamba namba za utambulisho za watu wapatao 900 zilikuwa zimechukuliwa kupitia mwanya huo. Marekebisho yenyewe yalikuwa sharti fupi: kama urefu uliodaiwa unazidi kilichofika, utupe ujumbe, usijibu.

Swali linalotuhusu sisi ni hili: msimbo wa OpenSSL ulikuwa wazi kwa kila mtu, na vyombo vya uchambuzi tuli vilikuwapo tangu zamani. Kwa nini havikuona?

Jibu lililonikaa ni la Andy Chou, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Coverity, aliyekiri wazi wakati ule kwamba chombo chao hakikuwa kimekamata kosa hilo. Kuiona memcpy si kazi. Kila programu ya C imejaa memcpy. Kujua kwamba payload imetoka kwa mgeni ndiko kugumu. Kati ya mahali data inaposomwa kutoka kwenye soketi na mahali makro ya n2s inapoigusa kuna tabaka nyingi za fankisheni, bafa za pamoja na vielekezi vya fankisheni ambavyo chombo hakiwezi kuvifuata vyote bila kuzama. Mpaka data inafika kwenye memcpy, chombo kimeshasahau ilikotoka.

Katika uchambuzi wa namna hii tunasema data ya nje ina doa. Doa linaambukiza: ukijumlisha namba yenye doa na nyingine, jawabu lina doa, ukiinakili kwenye kigeu kingine, doa linahamia huko. Linatoka tu pale msimbo unapoilinganisha namba hiyo na kikomo kinachoaminika. Kazi ya chombo ni kupiga kelele doa likifika bado bichi kwenye malloc, memcpy au faharasa ya safu. Chou na wenzake walipata dalili ya kijanja sana ya kugundua doa lilikopotea. Mashine zetu nyingi huhifadhi namba kwa kuanza na baiti ndogo, mtandao huanza na baiti kubwa. Basi msimbo unaogeuza mpangilio wa baiti, kama unavyofanya n2s, karibu kila mara unashika kitu kilichotoka mtandaoni. Wakakiambia chombo: popote baiti zinapogeuzwa, weka doa. Chombo kikaionyesha memcpy ile ile.

Msimbo haukubadilika na injini ya chombo haikubadilika sana. Kilichoongezeka ni taarifa moja kutoka kwa binadamu anayejua namna programu za mtandao zinavyoandikwa. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: timu inayonunua au kusakinisha chombo bila kukieleza milango ya programu yake imepata nusu ya chombo. Katika GCC, kuanzia toleo la 12, kuna alama ya tainted_args unayoweza kuibandika kwenye fankisheni inayopokea data ya nje. Katika CodeQL unaandika mwenyewe ni wapi data inaingia na ni wapi haitakiwi kufika. Mwanafunzi anaweza kujifunza hayo kwa wiki, lakini anahitaji kukaa na mtu anayeijua programu.

Niseme kidogo kuhusu mipaka, maana wauzaji huipita haraka. Tangu nadharia ya Henry Rice ya mwaka 1953 tunajua kwamba hakuna programu inayoweza kuamua bila kosa, kwa programu zote, maswali ya maana kuhusu tabia zao. Kila chombo hivyo kinachagua wapi kikosee. Astrée, iliyotokana na kazi ya Patrick Cousot na wenzake Ufaransa, ilichagua kutoficha kosa lolote la aina inayoitafuta, na mwaka 2003 ilithibitisha kwamba programu kuu ya kuongozea ndege ya Airbus A340, mistari 132,000 ya C, haina makosa hayo. Lakini programu ile haikuomba kumbukumbu wakati wa kukimbia wala haikuwa na fankisheni inayojiita yenyewe. Ya kwako inayotumia malloc kila kona haiko hivyo. Vyombo vya kibiashara vilichagua upande wa pili: viache baadhi ya makosa yapite, ili maonyo yanayobaki yasomeke. Watu wa Coverity waliandika mwaka 2010 kwamba maonyo ya uongo yakizidi asilimia 30, watumiaji huanza kukipuuza chombo, na hata onyo la kweli lililo gumu kueleweka hutupwa kwenye fungu la uongo.

Kupuuza ni hatari moja. Kutii bila kuelewa ni nyingine, na sijui ipi imeharibu zaidi. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL ndani ya Debian alikerwa na maonyo ya Valgrind kuhusu kumbukumbu isiyopewa thamani. Valgrind huchunguza programu ikiwa inaendeshwa, si tuli, lakini somo ni lile lile. Mstari uliolalamikiwa ulijitokeza mara mbili katika faili, akauondoa kote. Mahali pamoja haukuwa na madhara. Mahali pa pili ndio uliokuwa ukiingiza unasibu kwenye kitengenezaji cha funguo. Onyo likanyamaza, majaribio yakapita, na kwa karibu miaka miwili funguo zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu zilitegemea namba ya mchakato peke yake: uwezekano 32,768 kwa kila aina ya ufunguo na mashine. Luciano Bello aligundua hilo, likatangazwa Mei 2008. Funguo zote zile zingeweza kuchapishwa zikatosha kwenye diski ndogo, na zilichapishwa kweli.

Upo pia upande wa kompaila yenyewe, ambayo wengi hatuihesabu kama mchambuzi. Februari 2014 Apple ilirekebisha kosa ambamo mstari wa goto fail; ulirudiwa mara mbili, ule wa pili ukiwa nje ya if, na hivyo ukaguzi wa mwisho wa saini ukawa haufikiwi kamwe. Clang ilikuwa na onyo la msimbo usiofikika, lakini onyo hilo halimo ndani ya -Wall licha ya jina lake kuahidi yote. Anayedhani amewasha kila kitu asome mwongozo tena.

Kwa utekelezaji, napendekeza mtiririko mfupi. Washeni -Wall na -Wextra, ongezeni -fanalyzer kwa wenye GCC ya 10 au zaidi, kisha Cppcheck au scan-build ya Clang kama jicho la pili, kwa kuwa vyombo viwili huwa havioni mambo yale yale. Msimbo wa zamani utatoa maonyo mamia. Msianze kuyasafisha yote, mtachoka na mtaharibu. Yahifadhini kama yalivyo, na mzuie onyo jipya lisiingie. Kisha rudini kwenye ya zamani kwa kufuata doa: yaliyo karibu na mtandao na faili za nje kwanza. Anayezima onyo aandike sababu pembeni ya mstari, na mtu wa pili aisome.

Mchana tutaingia kwenye mazoezi. Naomba kila kikundi, kabla ya kuwasha chombo chochote, kichukue karatasi na kuorodhesha kila mahali programu yake inapopokea data kutoka nje: recv, read, fread, getenv, hoja za mstari wa amri, faili za usanidi. Mbele ya kila mlango andikeni nani anaweza kupitisha kitu hapo, na urefu wake unapimwa kwenye mstari gani wa msimbo. Mkikosa mstari huo, wekeni alama nyekundu, na hapo ndipo tutakapoanzia saa nane.