Rukhsa ya Mzee Ifundishwe Nyumbani



Hapa Mji wa Kale, toka Kibokoni hadi Ndia Kuu, wako wazee waliodunduliza umri wao wote ili waizuru Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Fedha zikitimia, magoti yamekwishachoka. Na wapo wanaosafiri na dhana inayowatesa: kwamba kutufu, yaani kuizunguka Kaaba, kwa kiti cha magurudumu kunapunguza thawabu.

Dhana hiyo haina msingi. Katika Haji yake ya kuaga, Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufu juu ya ngamia. Mkewe, Ummu Salama, alipomlalamikia maradhi, alimwambia atufu nyuma ya watu, hali amepanda mnyama. Mkewe mwingine, Bibi Sauda, aliyekuwa mzito wa mwendo, Mtume alimruhusu aondoke Muzdalifa usiku, kabla ya msongamano. Na mwanamke wa kabila la Khath'am alipouliza kama amhijie babake mkongwe asiyeweza kutulia juu ya kipando, alijibiwa ndiyo. Hapo ndipo tunapopata Haji ya badali.

Rukhsa ipo, basi. Kazi yetu ni kuifundisha mapema. Darsa za Haji zisiishie kwenye dua na mavazi ya ihramu. Zimweleze mzee kwamba sai peke yake, mara 7 baina ya Safa na Marwa, ni zaidi ya kilomita 3, na kwamba viti vya magurudumu vimetengewa njia yao papo hapo. Zimweleze kuwa asiyeweza kufika Jamarati huweka wakili wa kurusha mawe kwa niaba yake.

Tusisahau joto. Mwaka 2024, Makka ilifika nyuzi 51.8, na mahujaji zaidi ya 1,300 wakafariki. Serikali ya Saudia ilisema wengi wao hawakuwa na kibali, wakatembea masafa marefu juani bila kivuli. Msimpitishe mzee njia za mkato kwa kuwa ni rahisi.

Nanyi watoto na wajukuu, kabla ya kumlipa ajenti muulizeni: hoteli iko umbali gani na Haram? Nani atamsukuma mzee wetu? Akiugua Mina, atahudumiwa na nani? Mpelekeni kwa daktari miezi kabla ya safari, mtembezeni kila siku baada ya alfajiri. Na mkiweza, changeni nauli ya pili, mmoja wenu afuatane naye.

Masheikh wetu, kisa cha Ummu Salama kisimulieni mimbarini Ijumaa hizi za kuelekea Haji. Mzee akikisikia kwa imamu anayemwamini, atakikalia kile kiti kwa moyo mkunjufu, na nguvu zake ataziweka kwa siku ya Arafa, kisimamo ambacho bila yake hakuna Haji.