Santuri Nazo Husomwa
(Mazungumzo mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima)



Mnanijua kwa santuri zangu. Nilianza kuzinunua kabla sijajua kusoma. Nilikuwa nikifika dukani namwimbia muuzaji kidogo, naye ananipa. Siku moja nilisafiri kutwa nzima kwa basi. Kurudi nyumbani na kuiweka kwenye gramafoni, lo, si wimbo wenyewe! Nikanyamaza. Ningedai nini, na kusoma sijui?

Leo nachagua mwenyewe. Nilipofika Soko la Kenyatta, Nairobi, penye santuri za zamani, nilisimama saa nzima nikizipekua moja moja. Raha yake, jamani! Katikati ya santuri pana karatasi ya duara. Imeandikwa jina la wimbo na la bendi, mara nyingi na la mtunzi. Pana pia namba, kama 45 au 78: ndiyo mizunguko kwa dakika. Ile ya 78 ikianguka huvunjika kama sahani ya udongo. Ndiyo maana ni bahati kuipata ya Siti binti Saad wa Unguja, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928.

Basi, tazameni mvunguni kwa wazee. Mkizikuta santuri, msifunikie mitungi. Zisimamisheni kama vitabu, mbali na jua. Zishikeni ukingoni, msiguse mifereji yake. Kisha msomeeni mzee yale majina. Mimi nilimsomea mama. Akawataja wote aliocheza nao dansi, mmoja mmoja.