Kusoma Kisiki: Kile Anachokiacha Nyuma Mkata Miti



Mti ukishaanguka, gogo huondoka na lori, matawi huwa kuni, na unga wa mbao huoza na mvua za kwanza. Kinachobaki ni kisiki. Ninapopita kwenye kitalu kilichovunwa, iwe ndani ya shamba la miti la Sao Hill au kwenye ekari tatu za mzee mmoja huko Njombe, huinama nikavisoma visiki. Baada ya kuona vitano au sita najua kama cheni ilikuwa na makali, kama opareta alikuwa na haraka, na mara nyingine najua kwamba hapa mtu aliponea chupuchupu. Ndiyo maana leo sianzi na mashine, yaani chenso. Naanzia mwishoni mwa kazi, kwenye kisiki.

Chukueni msindano wa kawaida, wenye kipenyo cha sentimita 40 pale unapokatwa. Upande unaotaka uangukie, unakata mdomo wenye kina cha robo ya kipenyo au pungufu kidogo, yaani sentimita 8 hadi 10. Mikato miwili ya mdomo ikutane barabara kwenye mstari mmoja. Kisha unaingia kwa nyuma, juu kidogo ya mstari huo, na unasimama kabla ya kuufikia. Ule ukanda wa mti unaoubakiza katikati ndio bawaba. Unene wake ni sehemu ya kumi ya kipenyo, na urefu wake ni kama asilimia 80 ya kipenyo. Kwa mti wetu huu, ni unene wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 32.

Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa na kaka zetu shambani kwamba mti unaangushwa na msumeno. Kazi ya msumeno ni kutengeneza bawaba. Bawaba ndiyo inayoushika mti usijizungushe, na ndiyo inayouongoza hadi karibu na ardhi. Ukiikata yote, umeachia tani nzima ya mti bila usukani, na kuanzia hapo upepo ndio unaoamua. Mdomo nao ukiwa mwembamba, hujifunga mti ukiwa bado hewani, bawaba inavunjika mapema, na safari iliyobaki haina mwongozo. Mdomo wa digrii 70 au zaidi unaipa bawaba muda wa kumaliza kazi yake.

Sasa kisiki kinasemaje? Kikiwa laini kote, bila hata mstari wa nyuzi zilizovunjika, jueni bawaba ilikatwa yote. Huyo opareta hakuuangusha mti, aliponea tu. Bawaba ikiwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, mti ulivutwa kuelekea kule kwenye unene, na mara nyingi utaukuta umelalia miche ya jirani. Mkato mmoja wa mdomo ukiwa umepita mwenzake, ujue bawaba ilikuwa imekwisha kudhoofika kabla mkato wa nyuma haujaanza, na opareta hakujua. Nyuzi ndefu zilizochomoka zinaonyesha bawaba nene mno: mti ulilazimishwa, na gogo la chini, lenye mbao bora, limepasuka.

Wenye mashamba, kuna jambo lenu hapa. Mti wa sentimita 40 ukikatwa sentimita 20 juu ya pale ulipostahili, umeacha ardhini ujazo ambao kwa miti 40 tu unatimia mita moja ya ujazo. Hiyo ni mbao iliyokuzwa kwa miaka mingi, ikaachwa kwa sababu opareta hakutaka kuinama au hakufyeka kuzunguka shina kabla ya kuanza.

Kuna kisiki kimoja ambacho hunisimamisha kila nikikiona: kile kilichobaki na ubao mrefu umesimama kama mgongo wa kiti. Mara nyingi ni mkaratusi ulioinamia upande wa kuangukia. Mti wa namna hiyo una mvutano mkubwa. Opareta anaingia kwa nyuma kama kawaida, na kabla hajafika kwenye bawaba shina linapasuka kwenda juu, kipande cha nyuma kinaruka kwa nguvu usawa wa kifua na uso wake. Hapati nafasi ya kukimbia. Mti huo haukatwi kwa nyuma moja kwa moja. Kata mdomo, kisha chomeka upanga wa mashine katikati ya shina nyuma ya bawaba, utengeneze bawaba yako yote, ukiacha nyuma kipande cha kuushikilia mti. Ukiwa tayari na njia iko wazi, ndipo unakikata kipande hicho. Mtu asijaribu hili peke yake kwa mara ya kwanza. Afundishwe, akianzia kwenye magogo yaliyolala.

Kuchomeka upanga kunanileta kwenye teke la mashine. Robo ya juu ya ncha ya upanga ndiyo hatari: ikigusa mti, mashine inaruka kuelekea kichwani mwako kabla hujafumba jicho. Anza kuchomeka kwa sehemu ya chini ya ncha. Dole gumba lizunguke mpini wa mbele muda wote. Na breki ya cheni ijaribiwe kila asubuhi, maana nimeshika mashine nyingi ambazo breki yake ilifungwa kwa waya ati inasumbua.

Kabla ya haya yote, njia ya kukimbilia isafishwe, kwa nyuma na kwa mshazari. Mti wa mita 25 unataka watu wengine wawe umbali wa mita 50, hata yule kijana wa kubeba mafuta. Kabari ziwe za plastiki au mbao ngumu, kwani chuma kitaivunja cheni. Mti ukikwama kwenye mwingine, usipite chini yake wala usikate ule ulioushikilia. Uvute kwa mbali, na kama huna cha kuvutia, weka alama, uwazuie watu, utafute msaada.

Kuhusu makali: kisiki chenye mkato uliopinda kinasema meno ya upande mmoja yamenolewa kuliko ya pili. Cheni nzuri inatema vipande. Ikitoa unga, simama unoe. Cheni tunayotumia leo ilitokana na Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, Marekani, aliyeona mwaka 1946 jinsi buu wa mdudu anavyotafuna kisiki kulia na kushoto. Mwaka uliofuata akaanza kuuza cheni ya namna hiyo. Nalipenda sana tukio hilo: mtu wa kazi yetu aliinama, akatazama kisiki kwa makini. Mchanganyiko wa mafuta nao, kwa oili nzuri ya injini za mipigo miwili, ni mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Oili chafu ya gari isitumike kulainisha cheni. Inaharibu pampu na inarukia ngozi yako.

Baridi ya Mufindi ya Juni na Julai mnaijua. Mtetemo wa mashine ukichanganyika nayo, vidole vinakuwa vyeupe na kufa ganzi, na ugonjwa huo ukikomaa haurudi nyuma. Pumzika, pasha mikono moto, na badilisha raba za mpini zilizochoka.

Mwisho nizungumze na waajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka umpatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Suruali ya chenso ina nyuzi ndani ambazo hujisokota kwenye gurudumu la cheni na kuisimamisha kabla haijafika mfupani. Nimeona vijana wakikata mikaratusi wamevaa malapa. Na mkilipa kwa idadi ya miti pekee, mnanunua haraka, na haraka ndiyo inayokata bawaba. Wekeni kwenye malipo kisiki cha chini na gogo lisilopasuka, muone tofauti.

Baada ya chakula tunakwenda shambani. Kila opareta ataangusha mti mmoja, ataandika namba yake kwa chaki kwenye kisiki, kisha atarudi nyuma. Tutavisoma kimoja kimoja, tukianza na changu.